Chembe nano za metali na kinga ya mwili: mwongozo kamili wa kuzijua na kujikinga nazo

Jumatatu, fundi anarudi kazini baada ya mapumziko ya siku mbili. Anashinda akichomelea mabomba yaliyopakwa zinki, milango ikiwa imefungwa. Jioni anahisi ladha mdomoni kama ametia sarafu chini ya ulimi. Ikifika saa tatu usiku baridi inamwingia hadi kwenye mifupa: meno yanagongana, viungo vinauma, kifua kinabana. Kufikia Jumatano asubuhi homa imeisha. Anarudi kwenye kazi ileile na moshi uleule, na siku zilizobaki za juma hapatwi na kitu. Jumatatu inayofuata, homa inarudi.

Mafundi wa metali wameijua homa hii kwa vizazi, na madaktari huiita homa ya moshi wa metali. Hailetwi na kijidudu chochote. Moshi wa zinki ni chembe ndogo mno za oksidi ya zinki, na zikifika ndani kabisa ya mapafu, seli za kinga hupiga king'ora: hutoa saitokini, zile protini za kuitana na kuamsha homa. Akizoea moshi siku mbili tatu, mwili unaacha kupiga kelele. Akipumzika wikendi, mazoea yanapotea. Wengi hudhani mazoea hayo ni dalili ya kukomaa kazini. Sivyo, na nitaeleza kwa nini.

Nimeanza na fundi huyu kwa sababu anaonyesha jambo ambalo ningependa msomaji alishike tangu mwanzo. Mtu akisikia "chembe nano za metali" huuliza ni metali gani. Swali hilo lina maana, lakini linakuja la pili. La kwanza ni hili: je, inaweza kupeperuka? Metali iliyo ndani ya krimu, ndani ya rangi iliyokauka au ndani ya kipande kigumu ni jambo moja. Metali hiyohiyo ikiwa moshi, unga mkavu au sprei ni jambo jingine kabisa.

Hatua ya 1: Pata picha ya udogo wenyewe

Chembe huitwa nano ikiwa na upana wa kati ya nanomita 1 na 100. Unywele mmoja una takriban nanomita 80,000, na seli nyekundu ya damu kama 7,000. Kwa hiyo tunazungumzia vitu vinavyolingana na virusi.

Udogo huo unabadilisha tabia ya metali. Chukua mchemraba wenye upande wa sentimita 1: eneo la nje lake ni sentimita 6 za mraba, sawa na stempu kubwa. Ukate wote uwe michemraba ya nanomita 10. Uzito haukuongezeka hata kidogo, lakini eneo la nje sasa ni mita 600 za mraba. Metali hukutana na mwili kwenye uso wake wa nje, basi uso ukipanuka hivyo, nafasi ya kugusana na protini na seli hupanuka vilevile.

Ndiyo maana mipaka ya usalama kazini haiwezi kutazama uzito peke yake. Mwaka 2011 taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, ilipendekeza kiwango cha juu cha miligramu 2.4 kwa mita ya ujazo ya hewa kwa vumbi la kawaida la dioksidi ya titani, lakini miligramu 0.3 tu kwa lile la kiwango cha nano. Kemikali ni ileile, na ukali wa kiwango ni mara nane. Kwa chembe nano za madini ya fedha, pendekezo lao la mwaka 2021 ni mikrogramu 0.9 kwa mita ya ujazo, yaani chini ya sehemu moja ya elfu ya miligramu.

Hatua ya 2: Elewa namna kinga inavyoumia

Hapa naomba uvumilivu, maana bila hatua hii nyingine zote zitabaki kuwa amri zisizo na sababu. Watu husema "inashusha kinga" kana kwamba kinga ni maji kwenye tangi, yanapanda na kushuka. Kinga inaweza kuharibika kwa kuwaka kupita kiasi, kwa kujifunza adui asiye adui, au kwa kuchoka. Metali zinaweza kuleta yote matatu.

Tuanze na kuwaka. Chembe ikiingia mwilini haibaki uchi. Ndani ya muda mfupi sana protini za damu au za majimaji ya mapafu huiganda na kuifunika kama koti, na seli za kinga husoma koti hilo, si metali iliyo chini yake. Baadhi ya protini zinazoganda ni za mfumo wa komplimenti, ambao kazi yake ni kuweka alama "huyu aliwe". Makrofaji, seli walaji zinazolinda mapafu, huimeza chembe na kuipeleka kwenye laisosomu, kifuko chenye asidi cha kusagia walichomeza.

Na hapo ndipo mtego ulipo. Bakteria akitiwa kwenye asidi ile kwa kawaida hufa. Zinki, shaba na madini ya fedha yakitiwa humo huyeyuka na kutoa ayoni (atomi zenye chaji ya umeme) nyingi kwa mkupuo, tena ndani ya seli ambayo isingeruhusu ayoni hizo kuingia kwa wingi kwa njia ya kawaida. Ayoni za fedha hung'ang'ania salfa iliyo kwenye protini na kumaliza glutathioni, akiba ambayo seli huitumia kuzima oksijeni kali. Kifuko hupasuka, asidi na vimeng'enya humwagika, na seli huwasha mtambo wake wa ndani uitwao NLRP3, unaotoa saitokini ya IL-1β. Neutrofili, seli za kinga zinazowahi kwenye uvimbe, hukimbilia eneo la tukio. Kwa moshi wa siku moja, hayo huisha kwa homa ya usiku mmoja. Kwa moshi wa miaka, mapafu yanaweza kubaki na uvimbe usiopoa, na tishu zinaweza kupata makovu.

Kujifunza adui asiye adui ndiyo aleji, na bingwa wake ni nikeli. Mwaka 2010 ilibainika kwamba nikeli hushika moja kwa moja kipokezi cha TLR4 kwenye seli za binadamu, kipokezi ambacho kwa kawaida huamshwa na bakteria. Mwili unadhani umevamiwa. Panya hawana sehemu ile ya kipokezi ambayo nikeli huishikilia, kwa hiyo jaribio la panya laweza kuonyesha usalama ambao kwa binadamu haupo. Liweke akilini, tutalihitaji mbele.

Kuna kisa kilichochapishwa mwaka 2014 ambacho huwa nakikumbuka kila ninapoona mtu anapima unga wa metali mezani. Mkemia kijana nchini Marekani alikuwa akipima gramu moja au mbili za unga wa nano wa nikeli juu ya meza ya maabara, bila kabati la kuvuta hewa. Koo likaanza kumwasha, pua zikaziba, uso ukawa unamwiva. Kisha ngozi yake ikaanza kukataa hereni zake na bizimu ya mkanda wake, vitu alivyokuwa akivivaa siku zote bila tatizo. Gramu moja au mbili tu, na kinga yake ilikuwa imejifunza somo ambalo halisahau tena.

Berili nayo ina njia yake: huleta ugonjwa sugu wa mapafu unaoendeshwa na seli T (kundi la seli za kinga), hasa kwa watu waliorithi aina fulani ya jeni ya HLA-DPB1. Wawili wanaweza kufanya kazi benchi moja, mmoja akaugua na mwenzake asiugue.

Mwisho ni kuchoka. Makrofaji aliyejaa metali hana nafasi wala nguvu ya kumeza bakteria. Juu ya hapo, moshi wa kuchomelea huzifanya seli za njia ya hewa ziongeze kipokezi ambacho bakteria wa nimonia hukitumia kama mpini wa kujishikilia. Ndiyo maana mafundi wa kuchomelea hupata nimonia kali kuliko wafanyakazi wenzao, na Uingereza chanjo ya nimokoka hushauriwa kwa wanaovuta moshi wa metali mara kwa mara kazini. Sasa rudi kwa fundi wetu wa Jumatatu. Siku anazoacha kupata homa, chembe bado zinaingia. Kilichonyamaza ni king'ora tu.

Hatua ya 3: Tafuta chanzo kwa macho na tochi

Zunguka kazini au nyumbani ukiuliza swali lile la kupeperuka. Vyanzo vikubwa ni vitu vya moto na vitu vya unga: kuchomelea, kukata metali kwa plazima au leza, kunyunyizia metali iliyoyeyuka, kuchapisha vipuri kwa printa ya 3D inayotumia unga wa metali, na kupima au kumimina poda za nano maabara na viwandani. Kukata na kusaga kwa grinda hutoa vumbi lililochanganyika, kubwa na dogo.

Chembe moja moja huioni, ila wingu lake unaweza kulikamata. Zima taa. Mwombe mwenzako aendelee na kazi, nawe uweke tochi kali upande wa pili wa moshi, mwanga ukielekea upande wako, huku umekinga balbu isikupige machoni. Usijaribu hili ukitazama mwale wa kuchomelea bila kioo cheusi. Subiri azime, au jikinge kabisa. Utaona pazia la moshi likicheza kwenye mwanga, na utaona linakokwenda. Mara nyingi linapanda wima, linapita mbele ya pua ya fundi, ndipo linasambaa chumbani. Nimewaona watu wakibadilisha mkao wao wa kazi wa miaka yote kwa sababu ya kuona hilo mara moja tu.

Hatua ya 4: Zuia kwenye chanzo kabla ya kufikiria barakoa

Kama poda inaweza kununuliwa ikiwa imeshachanganywa kwenye maji, kwenye mafuta au kwenye plastiki, inunue hivyo. Unga uliolowa haupeperuki. Hili peke yake linamaliza hatari kubwa kuliko glavu na koti zote utakazovaa.

Poda kavu ishughulikiwe ndani ya kabati la kuvuta hewa lenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa hata chembe ndogo sana, au ndani ya kisanduku kilichofungwa chenye glavu. Mzani uwe humo humo. Kukitoa chombo nje "mara moja tu nipime" ndiko kunakoharibu kazi.

Kwa kuchomelea, toa kwanza rangi, mafuta na tabaka la zinki kwenye eneo la kiungo, na ufanye hivyo ukiwa na kivuta vumbi. Kisha tumia mkono wa kuvuta moshi. Watu wengi wanao mkono huu na hauwasaidii, kwa sababu umewekwa mbali. Nguvu ya kuvuta hupungua haraka mno: ukiusogeza mdomo wa bomba mbali na moshi kwa umbali sawa na upana wake, kasi ya hewa hubaki takriban sehemu moja ya kumi. Kwa mdomo wa sentimita 20, mbali kidogo tu na hapo unavuta hewa ya chumba, moshi unabaki wako. Usogeze kila unaposogea kwenye kiungo kipya.

Feni ya ukutani haichukui nafasi yake. Husambaza moshi kwa wenzako.

Tangu Februari 2019, wasimamizi wa usalama kazini Uingereza wanadai kivuta moshi kwa uchomeleaji wote wa ndani, hata wa chuma cha kawaida. Hilo lilitokana na uamuzi wa shirika la utafiti wa saratani, IARC, wa mwaka 2017, uliouweka moshi wa kuchomelea kwenye Kundi la 1, yaani husababisha saratani kwa binadamu. Kwa chuma kisichoshika kutu, chenye kromiamu na nikeli, mimi singekubali kuchomelea hata kiungo kimoja ndani bila kuvuta moshi.

Kusafisha: futa kwa kitambaa chenye unyevu au tumia mashine ya kunyonya yenye HEPA. Ufagio na upepo wa kompresa viondoke kabisa kwenye chumba hicho. Kujipuliza nguo kwa kompresa jioni ni kuivuta kazi ya siku nzima ndani ya dakika moja. Nguo za kazi zibaki kazini, zisifuliwe pamoja na za watoto.

Hatua ya 5: Barakoa, na kosa linalorudiwa

Watu husema chembe nano ni ndogo mno, barakoa haizizuii. Inaonekana ni mantiki nzuri lakini si kweli. Chembe ndogo sana hazisafiri moja kwa moja; husukumwa huku na huku na molekuli za hewa mpaka zinagonga nyuzi za kichujio na kunasa. Zinazopenya kwa urahisi zaidi ni za ukubwa wa kati, na barakoa za N95 au FFP2 hupimwa kwa kuzingatia hizo ngumu. FFP3 na P100 ni bora zaidi.

Tatizo halisi ni pembezoni. Hewa hufuata njia rahisi, na pengo dogo pembeni ya pua linaweza kupitisha chembe nyingi kuliko kichujio chote. Mwenye ndevu mahali pa mshono wa barakoa hana barakoa. Atumie ile ya kofia inayosukuma hewa safi kwa mota. Barakoa ya upasuaji haifai kwa kazi hii. Na ile ngao ya kuchomelea inakinga macho na uso. Haichuji hewa hata kidogo.

Glavu za nitraili, jozi mbili ukishika poda, na mkono wa koti uingie chini ya glavu ya nje. Osha mikono kabla ya kugusa chakula, sigara au uso.

Hatua ya 6: Bidhaa za nyumbani, bila hofu ya bure

Losheni za kukinga jua zenye dioksidi ya titani au oksidi ya zinki huwatia watu wasiwasi kuliko zinavyostahili. Kwenye ngozi nzima, chembe hizi hubaki kwenye tabaka la juu la seli zilizokufa, na jua lenyewe lina madhara yanayojulikana vizuri. Zipake. Ila chagua ya krimu, si ya sprei wala ya poda, kwa sababu ile ya sprei inarudi kwenye swali letu la kwanza. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2013 kiambato cha nano kwenye vipodozi lazima kiandikwe neno "nano" kwenye mabano baada ya jina lake, kwa hiyo lebo inakusaidia.

Kuhusu chakula: rangi nyeupe ya E171 ni dioksidi ya titani, na sehemu ya chembe zake ni za nano. Ufaransa iliipiga marufuku kwenye vyakula kuanzia Januari 2020, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikasema mwaka 2021 kwamba haiwezi tena kuhesabiwa salama, na Umoja wa Ulaya wote ukaiondoa mwaka 2022. Ukiiona kwenye lebo ya peremende au pipi, una haki ya kuirudisha rafuni. Haina lishe yoyote.

"Maji ya fedha" yanayouzwa kama dawa ya kuongeza kinga, tafadhali usinywe. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitamka mwaka 1999 kwamba hayatambuliki kuwa salama wala kuwa na manufaa. Fedha hulala kwenye ngozi na kuigeuza rangi ya kijivu cha buluu maisha yote. Inauma sana kuona mtu mgonjwa, anayetafuta nguvu za kinga, akiuziwa kitu kinachoweza kudhuru seli zilezile anazotaka kuziimarisha. Bandeji zenye fedha kwa majeraha ya moto ni habari nyingine: zina kazi yake, kwa muda uliopangwa na mhudumu wa afya.

Na kwa kuwa maneno huchanganywa: chembe nano zilizo kwenye chanjo za mRNA ni za mafuta. Si metali.

Hatua ya 7: Metali iliyokwisha kuwa ndani

Nyonga bandia za metali kwa metali, za kobalti na kromiamu, husagika zikitembea na kumwaga chembe za nano kwenye kiungo. Kwa baadhi ya watu seli T hukusanyika hapo, na nyama za jirani huvimba au kufa. Mwaka 2010 mamlaka ya vifaa tiba ya Uingereza ilitoa tahadhari, na kiwango cha mikrogramu 7 kwa lita ya damu, cha kobalti au kromiamu, kikawekwa kuwa ishara ya kufuatilia zaidi. Kama una nyonga ya aina hii na kinena kimeanza kuuma au kuvimba, omba kipimo hicho na picha.

Dawa za chuma za mshipa zenye chembe nano zinaweza kuamsha mzio mkali wa ghafla. Ferumoksitoli, moja ya dawa hizo, ilipewa onyo kali Marekani mwaka 2015: itolewe polepole kwa dakika zisizopungua 15, na mgonjwa aangaliwe dakika 30 baadaye. Usikubali kuharakishwa kuondoka kitini.

Hatua ya 8: Kusoma taarifa za utafiti

Ukikuta habari kwamba chembe fulani "inaua kinga" au "ni salama kabisa", tazama mambo machache. Dozi ilikuwa kiasi gani, na iliingia kwa njia gani: seli zilizomwagiwa metali kwenye kisahani si mtu aliyepaka krimu. Mnyama gani alitumika. Kumbuka nikeli na panya. Na je, walipima endotoksini? Hiyo ni mabaki ya bakteria yanayopenda kuganda kwenye chembe nano, na yenyewe huwasha kinga vikali. Utafiti usioipima huenda umepima uchafu, si metali.

Hatua ya 9: Dalili, na nini cha kumwambia daktari

Homa inayokuja saa chache baada ya moshi na kupoa ndani ya siku mbili inaelekea kuwa ya zinki. Pumzika, kunywa maji, toka kwenye moshi. Maziwa ambayo mafundi huambiana wanywe hayafiki kwenye mapafu, hayazuii kitu. Kikohozi kinachopungua likizo na kurudi kazini, kifua kinachopiga filimbi, upele chini ya saa au bizimu ya mkanda, nimonia zinazojirudia: hizo zinahitaji daktari hata kama kila moja inaonekana ndogo. Kuna kipimo cha viraka vya ngozi kwa aleji ya nikeli, kipimo cha seli za damu kwa berili, na kupuliza kwenye mashine kupima nguvu za mapafu.

Hatari ni kadimiamu. Iko kwenye baadhi ya metali za kulehemu zenye fedha na kwenye bolti zilizopakwa kadimiamu. Siku ya kwanza moshi wake huleta dalili zilezile za zinki, mtu anajifunika blanketi na kusema itapita. Kesho yake au kesho kutwa mapafu hujaa maji. Kwa hiyo, kama hujui kilichokuwa juu ya metali uliyoichoma, au pumzi inazidi kukata badala ya kurudi, nenda hospitali usiku huohuo. Beba karatasi ya usalama ya bidhaa au piga picha ya lebo ya fimbo ya kulehemu, na useme kwa mpangilio: nilichoma metali gani, chumba kilikuwa wazi au kimefungwa, nilianza saa ngapi, homa ilinishika saa ngapi. Daktari ambaye hajaambiwa kuhusu moshi atatibu mafua.